Itikafu, Sabato, vipasana au baraza: ukitaka kutulia kweli uende wapi?

Hii ni kwa wewe ambaye umeshaamua unataka kusimama kidogo ila hujui usimame wapi. Na sizungumzii likizo. Likizo zetu tunazijua, unapanda basi kwenda nyumbani kupumzika, unafika unakuta paa linavuja, shangazi ana kesi ya kiwanja, watoto watatu wa ndugu wanasubiri ada, unarudi mjini umechoka kuliko ulivyoondoka. Nazungumzia kutulia kwa makusudi, yaani mtu ana nguvu zake, kazi ipo, pesa ya kutafuta ipo, halafu anasema kwa muda huu sitafuti kitu.

Kwetu hili ni gumu kwa sababu kila kona tunaambiwa tupambane. Ukilalamika kidogo unajibiwa pambana na hali yako. Hata methali zetu za kumtuliza mtu zinakuja na rushwa ndani yake, mvumilivu hula mbivu, maana yake tulia ila kuna embe linakuja. Mi naona shida inaanzia hapo hapo, mtu anakaa kimya huku jicho moja liko kwenye embe, sasa huko si kutulia, huko ni kuvizia.

Nimechukua njia nne ambazo mtu wa huku kwetu anaweza kuzifikia: itikafu ya Waislamu, Sabato ya wanaoishika Jumamosi, kozi ya vipasana ya siku kumi kimya, na baraza, lile la kukaa nje na kahawa. Wenye ibada zao wanisamehe kuziweka kwenye kapu moja na mambo ya kahawa, najua itikafu na Sabato kwa wenyewe ni kwa ajili ya Mungu kwanza, kupumzika kunafuata nyuma. Ila mtu aliyechoka anapouliza aende wapi, kwa kweli anaziweka kapu moja kichwani mwake, tusidanganyane.

Vigezo

Kabla ya yote jiulize umechoka na nini. Kuna aliyechoshwa na kazi yenyewe, kuna aliyechoshwa na kelele za watu na simu, kuna ambaye kazi haina shida na simu haina shida ila kichwa chake hakizimi, na kuna ambaye amechoka kujipima na wenzake, huyu kajenga, yule kanunua gari, mimi bado. Hawa wanne wakienda sehemu moja mmoja tu ndo atarudi amepona.

Baada ya hapo nimeziangalia zote nne kwa maswali yale yale. Inachukua muda gani na inakula nini mfukoni. Unaambiwa uache nini. Uko peke yako au na watu. Halafu swali ambalo watu hawaulizi na mi ndo nalipa uzito kuliko yote, mapambano yanarudia wapi, maana kila njia ya kutulia ina sehemu yake ambapo mashindano huwa yanaingia tena kimya kimya, na usipoijua mapema utatoka huko na uchovu mpya wenye jina zuri.

Itikafu

Ni kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Inayojulikana zaidi ni ya kumi la mwisho la Ramadhani, unaingia kabla jua halijazama siku ya 20 ili usiku wa 21 ukukute ndani, unatoka mwezi wa Idi ukiandama, na wengine hubaki mpaka asubuhi waende moja kwa moja kuswali Idi. Humo ndani ndo watu wanautafuta usiku wa Lailatul Qadri, usiku mtukufu kuliko yote, hasa usiku wa witiri, 21, 23, 25, 27 na 29.

*Muda na gharama.* Siku tisa au kumi kutegemea mwezi. Tanzania sheria ya kazi inakupa siku 28 za likizo ya mwaka, Kenya inakupa siku 21 za kazi, kwa hiyo huku na huku unakuwa umetoa kama theluthi ya likizo yako. Pesa haili, futari na daku mara nyingi zinaletwa na wasamaria au zinatoka nyumbani kwako. Ila wengi hawajui hili: kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, itikafu haina lazima ya siku kumi, hata ukikaa kitambo kidogo na umeweka nia inahesabika, na wala saumu si sharti. Hanafi na Maliki wana masharti yao zaidi, kwa hiyo muulize shehe wako. Maana yake mtu wa dukani anaweza kuingia baada ya alasiri akakaa mpaka isha, na ana itikafu yake kamili.

*Unaacha nini.* Hutoki bila haja ya msingi, biashara zinabaki nje, na tendo la ndoa limekatazwa wazi, aya iko Sura ya Pili ya Kurani, 187. Kuongea hakukatazwi, na kuna watu wanakosea hapa wanafikiri itikafu ni kufunga mdomo. Wanazuoni wamechukia mtu kunyamaza akidhani kunyamaza kwenyewe ni ibada. Mtume (SAW) akiwa kwenye itikafu alitembelewa usiku na mkewe Safiyya, wakaongea, na alipotaka kuondoka akainuka kumsindikiza. Bi Aisha naye alikuwa anamchana nywele, Mtume yuko msikitini anasogeza kichwa tu, Aisha yuko chumbani kwake. Mi hizi habari mbili nazipenda sana kwa sababu zinaonesha mtu aliyetulia bila kuwa mkavu kwa watu wake.

*Watu.* Uko na watu muda wote. Magodoro yamekunjwa nyuma ya nguzo, mabegi yamejipanga ukutani, chaja saba kwenye soketi moja, na kabla ya daku kuna foleni ya chooni inayofundisha subira kuliko mawaidha yote ya usiku ule. Wako wanaokoroma. Wako wanaosoma kwa sauti pembeni ya wanaokoroma. Kama ulikuwa unatafuta upweke, hapa haupo.

*Mapambano yanarudia wapi.* Kwenye hesabu. Mwenzako kamaliza juzuu ya 20 ya Kurani wewe uko ya 6, basi unaanza kukimbiza kurasa, unasoma huku unaangalia alamisho ya jirani. Na hili si geni, lilitokea tangu mwanzo kabisa. Kuna hadithi sahihi kwamba mwaka mmoja Bi Aisha aliomba ruhusa akapiga hema lake msikitini, mke mwenzake Hafsa akapiga lake, Zainab, mke mwingine, naye alipoona akapiga lake. Asubuhi Mtume akakuta mahema yamejaa, akahoji kama kweli hiyo ndiyo kheri wanayoitaka, akaiacha itikafu mwezi ule, akaja kuifanya siku kumi za Shawwal, mwezi unaofuata. Yaani ibada yenyewe ya kutulia ilipoanza kunuka mashindano aliiahirisha. Sijui kama kuna somo zuri kuliko hilo kwa mtu anayeposti picha ya godoro lake la itikafu kwenye stetasi.

*Inamfaa nani.* Muislamu ambaye kichwa chake kinatulia akiwa na ratiba na wenzake, ambaye akiachwa peke yake analala tu au anarudi kwenye simu. Kwa kina dada, ulizeni kwanza kama msikiti una sehemu yenu yenye choo na usalama usiku, maana mingi bado haina, japo kwa Hanafi mwanamke anaweza kufanya pale pale anaposwalia nyumbani.

Sabato

Inaanza jua likizama Ijumaa, inaisha jua likizama Jumamosi. Kwetu inajulikana zaidi kupitia Waadventista Wasabato, kanisa lililoundwa rasmi Marekani mwaka 1863, wamisionari wake Wajerumani wakafika milima ya Upare mwaka 1903, wengine wakafika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906, ndo maana ukienda Upareni, Mara, Kisii au Nyanza unakuta miji inabadilika sauti kabisa Jumamosi asubuhi. Upande wa Uganda kuna Abayudaya wa Mbale, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao siku yao ni hiyo hiyo.

*Muda na gharama.* Saa 24, lakini kila wiki, piga hesabu ya mwaka utaona hakuna njia nyingine hapa inayokupa muda mwingi namna hii bila kugusa likizo. Sheria inakusaidia nusu, Tanzania mwajiri lazima akupe angalau saa 24 za mapumziko kwa wiki, Kenya siku moja katika kila saba, ila haisemi lazima iwe Jumamosi, hapo ndo unaanza kubembelezana na bosi. Kwenye shule vita imekuwa kubwa zaidi mpaka Kenya ikafika Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2017 iliamua kwa upande wa wanafunzi Wasabato. Gharama kubwa iko kwa mfanyabiashara, muuza nguo anayefunga kibanda Jumamosi anaiona hela ya wiki ikipita mbele yake ikienda kwa jirani. Hakuna kuificha hiyo.

*Unaacha nini.* Kazi na biashara, na wenye msimamo zaidi hawapiki. Ijumaa mchana nyumba inakimbizwa, nguo zinapigwa pasi, viatu vinapigwa rangi, maji yanajazwa, chakula kinapikwa cha siku mbili, halafu jua likigusa mlima kila kitu kinasimama hapo kilipofika, hata kama sufuria moja haijaoshwa. Wayahudi wana orodha ya aina 39 za kazi zilizokatazwa, Wasabato hawaendi kwa orodha hiyo.

Na hapa nikae kidogo kwa sababu Sabato ina kitu ambacho njia nyingine tatu hazina. Kwenye Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 5, sababu inayotolewa ni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Na amri inataja nani apumzike: wewe, mtoto wako, mtumwa wako wa kiume na wa kike, ng'ombe, punda, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Yaani huruhusiwi kutulia juu ya mgongo wa mtu mwingine. Sasa jiulize nyumba ngapi za mjini baba ametulia, mama ametulia, wageni wametulia, na dada wa kazi yuko uani anaosha masufuria ya watu kumi na wawili. Kwa Sabato iliyoandikwa, hiyo nyumba haijapumzika.

*Watu.* Familia na kanisa. Ukiwa huna familia karibu na kanisa hulijui, saa 24 zinaweza kuwa ndefu sana.

*Mapambano yanarudia wapi.* Sehemu mbili. Kwanza kwenye vyeo vya kanisa, mzee wa kanisa anaamkia shule ya Sabato, anahubiri, mchana kuna kwaya, jioni kamati, anafika nyumbani magharibi amechakaa kuliko siku ya kazi, na wengi wanacheka tu ukiwauliza ila ni kweli. Pili langoni. Nehemia wa kwenye Biblia alipofunga malango ya Yerusalemu ili biashara isiingie siku ya Sabato, wachuuzi wakaja wakalala nje ya ukuta mara moja, mara mbili, wanasubiri tu, mpaka akawatishia. Simu yako iliyowekwa sailensi juu ya kabati ndo wale wachuuzi, haijaingia lakini unajua ipo na inajaza meseji. Izime kabisa au mpe mtu.

*Inamfaa nani.* Aliyechoshwa na kazi yenyewe. Na mtu ambaye hawezi kujipangia kupumzika, akiambiwa pumzika ukichoka hapumziki mpaka alazwe. Sabato haikuulizi umechoka au hujachoka, umemaliza au hujamaliza. Kwa mimi hiyo ndo nguvu yake kubwa. Watu walioenda kuokota mana, kile chakula cha kutoka mbinguni, siku ya saba, kwenye kitabu cha Kutoka sura ya 16, hawakupigwa wala nini, walikuta tu hakuna kitu.

Vipasana

Hii wengi mnaisikia kwa marafiki waliosoma nje. Ni kozi ya kutafakari ya siku kumi kwa mtindo aliousambaza S. N. Goenka, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyezaliwa Mandalay, Burma, mwaka 1924, akaanza kufundisha India mwaka 1969 na kufariki mwaka 2013. Mwalimu wake alikuwa U Ba Khin, na huyo hakuwa mtawa, alikuwa Mhasibu Mkuu wa serikali ya Burma, mtu wa mafaili kabisa. Goenka alimfuata kwa sababu alikuwa na kipandauso kibaya kilichofika mpaka kuchomwa mofini, na U Ba Khin mwanzoni alisita kumpokea kwa sababu alikuja kutafuta dawa ya kichwa tu. Shikilia hiyo habari, nitairudia.

*Muda na gharama.* Wanasema kumi lakini kalenda inasema 12, unaripoti siku moja kabla na unaondoka asubuhi ya siku ya 11. Mafunzo, kitanda na chakula hulipi kitu, uendeshaji unategemea michango ya waliomaliza kozi, na kabla hujamaliza hawapokei hela yako. Kinachokula ni nauli. Kituo cha kudumu cha Afrika Kusini kiko Worcester, kinaitwa Dhamma Pataka, na wengine wanaunganisha na safari ya India, kwenye kituo kikuu cha Igatpuri. Weka na viza na siku za likizo, jumla inakuwa si bure tena.

*Unaacha nini.* Karibu kila kitu. Simu, vitabu, kuandika, kuongea, hata kuangaliana machoni na kupeana ishara, mpaka asubuhi ya siku ya kumi. Wanaume kivyao wanawake kivyao. Kengele inalia saa kumi alfajiri, kuna kama saa kumi za kukaa kutafakari kwa siku, chakula cha mchana saa tano, jioni ukiwa mgeni ni chai na tunda basi. Siku tatu za kwanza unaangalia pumzi tu inavyoingia na kutoka puani, ya nne ndo unafundishwa kupita mwilini kipande kwa kipande, na kuanzia hapo kuna vikao vya saa nzima unaombwa usibadilishe mkao. Magoti ya mtu wa ofisini yatalia, jiandae.

Sasa hili niliseme wazi maana wanaoisifia huwa wanalirukia. Kozi inakutaka usimamishe kwa siku zote hizo sala, ibada, kufunga, tasbihi na rozari. Wanasema si dini na si kupinga dini, wanataka njia ijaribiwe bila kuchanganywa. Sawa, sababu nimeielewa. Lakini Muislamu mwenye swala tano hilo si jambo dogo la ratiba, na Mkristo anayesali asubuhi na jioni naye afikirie kabla hajajaza fomu, si akishafika.

*Watu.* Mmezungukana lakini kila mtu peke yake. Ni upweke wa ajabu kidogo, unamjua mwenzako kwa kandambili zake. Mwaka 1994 kwenye gereza la Tihar, Delhi, wafungwa zaidi ya elfu moja walikaa kozi moja kwa pamoja, na mi huwa najiuliza kimya cha watu elfu gerezani kilikuwaje.

*Mapambano yanarudia wapi.* Hapa yanarudi makali kuliko kote. Unakaa unasubiri kitu kitokee, joto, mwanga, amani, machozi, na jirani yako ametulia kama ukuta, basi unaanza kushindana naye kwa kutotikisika. Au umekuja kutibu usingizi, kila kikao unakagua umepona kiasi gani. Ndo pale U Ba Khin aliposita kwa Goenka. Na ukimaliza kuna kishawishi cha kugeuka kuwa mtu wa nilikaa siku kumi kimya mimi, kila harusi unaihadithia.

*Inamfaa nani.* Yule ambaye kichwa hakizimi, amejaribu kupumzika kwa njia za kawaida ikashindikana, ana afya nzuri ya akili na ya mwili, na ana uhuru wa kuondoka nyumbani siku 12 bila mtu kuumia. Mwenye msongo mzito, aliyewahi kuumwa maradhi ya akili, au aliyetoka kufiwa juzi, aongee na daktari na aandike ukweli kwenye fomu. Wenyewe wanasema kozi si mbadala wa matibabu.

Baraza

Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu ya zamani, moja ikiwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu mwaka 2000 na nyingine 2001, zote zimejengwa na viti vya mawe mbele ya nyumba. Lamu unaingilia kwenye daka, kijukwaa cha mlangoni chenye vikalio huku na huku, na mgeni anaweza kupokelewa hapo hapo bila kuingia ndani kwa watu. Mvua ikijaa njiani Zanzibar watu wanapita juu ya mabaraza. Bara tunaita kijiwe, benchi la mbao chini ya mwembe, kazi ni ile ile.

*Muda na gharama.* Unavyotaka. Kati ya alasiri na magharibi, au baada ya isha. Gharama ni kahawa tungu na kashata, na hiyo haijamfilisi mtu.

*Unaacha nini.* Rasmi hakuna. Kisirisiri unaacha sababu ya kuwepo. Muuza kahawa anapita na dele lake juu ya mkaa, anagonganisha vikombe kwenye kiganja, kak kak kak, anamimina, unakunywa, unarudisha kikombe, na wakati huo mzee wa pembeni hajasema neno tangu akae, na hakuna anayemuuliza vipi mbona kimya. Nyumbani ukikaa kimya unaulizwa una nini. Ofisini ukikaa kimya unapewa kazi. Barazani kimya chako hakina maelezo, na ukitaka kuongea unaongea, ukitaka kuangalia bao unaangalia kete zinavyozunguka mashimo 32, si lazima ucheze.

*Watu.* Wanaume, hasa. Tukubali hilo bila kuzungushana. Wanawake wana vikao vyao uani na ukumbini, kusukana, kupakana hina, ila angalia mikono yao, karibu kila mara ina kazi, ukindu unasukwa, mchele unachambuliwa, mtoto anasinziishwa. Mwanamke akikaa nje mikono mitupu saa nzima mtaa una la kusema. Kwa hiyo kwa dada anayesoma hapa, baraza kama lilivyo sikuuzii kwa asilimia mia, labda muanzishe lenu na mkubaliane hakuna kuja na kazi.

*Mapambano yanarudia wapi.* Siasa, na Simba na Yanga. Nenda Jaws Corner, kile kijiwe cha Mji Mkongwe, kipindi cha uchaguzi uone kama kuna aliyetulia. Halafu umbea, na siku hizi simu, mnakaa sita mnatazama vioo sita. Na kwa kijana kuna jingine, akikaa sana kijiweni anaonekana mzururaji, hiyo aibu ikimshika hawezi tena kutulia hata akiwa amekaa.

*Inamfaa nani.* Aliyechoka kujipima. Barazani mzee mstaafu, fundi baiskeli na mwenye maduka mawili wanakunywa kikombe cha bei moja, na baada ya muda unasahau nani ana nini. Pia inamfaa anayeogopa kimya kikali, maana hapa kimya kinakuja chenyewe katikati ya maneno halafu kinaondoka.

Kwa hali yako

Kama umeajiriwa, kazi inakumaliza, na una familia: siku moja kwa wiki itakusaidia kuliko siku kumi kwa mwaka. Kama Jumamosi si siku yako kidini chukua mtindo wake tu, magharibi hadi magharibi, na mpe na dada wa kazi siku yake, si lazima iwe hiyo hiyo.

Kama ni Muislamu na Ramadhani iko mbali usisubiri, itikafu ya saa mbili tatu kati ya swala inawezekana wiki hii. Ya kumi la mwisho nenda ukiwa umeshaamua hutashindana juzuu na mtu, na nyumbani umeacha mambo yamenyooka. Kumwachia mke maandalizi yote ya Idi na watoto wanne halafu wewe uko msikitini umetulia, hapo rudi kasome tena ile habari ya kusindikiza.

Kama una kazi ya kutwa, bodaboda una hesabu ya mwenye chombo kila jioni, siku nzima bila kazi ni siku bila chakula na mtu asikuhubirie. Baraza la nusu saa, chombo umekizima, abiria akiita unamwonesha mwenzako. Ukiweza kukubaliana na tajiri wako siku moja kwa wiki isiyo na hesabu, pigania hiyo, nayo ni pambano lakini lina mwisho.

Kama ni mama wa mtoto mchanga, hakuna hata moja kati ya hizi nne iliyotengenezwa ikikufikiria wewe. Tafuta mtu wa kushika mtoto kwanza, dada, mama mkwe, jirani, halafu fumba mlango ulale, mambo ya kutafakari yatakukuta mbele.

Kama ni mwanafunzi au kijana ambaye bado hujapata kazi, vipasana na siku kumi za kukaa zitakuvutia kwa sababu muda unao. Jiangalie tu, mtu ambaye hajapata cha kufanya na mtu aliyechagua kutofanya wako sehemu tofauti, na kukaa kimya siku kumi na wasiwasi wa kodi ya chumba ni kazi ngumu. Kwako wewe ningesema jioni barazani na mchana uendelee kutafuta.

Na kama umebaki katikati huwezi kuchagua, jaribu hivi: Ijumaa hii jua likizama zima simu mpaka kesho yake wakati huo huo. Ukiona unahangaika, mikono inatafuta kitu cha kushika, shida yako ni kelele, itikafu au Sabato zitakutosha. Ukiona simu hujaikumbuka ila usiku kucha kichwa kinapiga hesabu, hapo ndo uanze kuulizia nauli ya Worcester, baada ya kuwa umesoma ile sehemu ya sala vizuri. Na ukiona kilichokusumbua ni kutojua wenzako wanafanya nini, muuza kahawa kwa kawaida anaanza kupita baada ya alasiri.